Pua Yangu Imefeli

Usiku wa jana niliota niko zamu peke yangu katika wodi ya waliotengwa, na mrija wa oksijeni wa Mzee Lutengano umemchomoka puani. Ananigongea kioo kutoka ndani. Kinachotakiwa ni kuingia na kuurudisha tu. Lakini mlangoni pameandikwa: asiingie mtu bila barakoa ya N95 iliyomkaa sawasawa.

Sheria nzuri. Mimi mwenyewe naitaka, maana muuguzi mwenzangu, Nakijwa, aliingia amejifunga kitambaa, na sasa amelala kitanda cha pili mle mle ndani.

Nakwenda kwa kabati. Ni kabati la chuma la siku nyingi, kwa hiyo naliamkia.

"Marahaba," linasema. "Barakoa zipo, tena nyingi. Nimezifungia zisije zikaisha."

Nikalieleza kwamba mgonjwa anakosa hewa. Likasema kila mtu husema hivyo. Nikalibembeleza mpaka likatema moja, saizi kubwa, na kuniamuru nipimwe kwanza kama inanikaa. Nikaivaa, nikavishwa kofia la plastiki juu yake, nikapulizwa humo dawa chungu. Ukiionja dawa hiyo, ujue barakoa inapitisha hewa pembeni. Niliionja mpaka kooni.

Nikasema hainikai, nipewe ndogo. Barakoa ikanitazama.

"Mimi nilifaulu kiwandani," ikasema. "Uliyefeli ni wewe. Kabadilishe pua."

Mara korido ni duka la fundi cherehani. Fundi ana tepu shingoni na pini mdomoni, ananipima pua bila hata salamu. Anasema mashavu atayapunguza, pua ataipiga pindo, nirudi Ijumaa. Nyuma yake Mzee Lutengano bado anagonga, ila sasa yuko ndani ya kioo cha kujaribia nguo, na anagonga polepole.

"Ijumaa atakuwa amekufa," nikasema.

"Basi pitia Alhamisi," akasema fundi, "lakini nisikuahidi."

Jamani, nilipandwa na hasira. Pua hii ni ya bibi yangu mzaa mama, imepumua vizuri miaka yote, leo niipeleke kwa fundi kwa sababu kabati lina uchoyo? Nikanyakua stendi ya dripu iliyokuwa kwenye foleni ya wateja, nikarudi nayo kwa kabati, nikalipiga kwenye kufuli. Likanguruma kwa sauti ya bosi, likaniita mtovu wa nidhamu, likafunguka.

Ndani zilikuwemo ndogo, za kati na kubwa, zimepangwa mpaka juu, nyingine zimeshapita muda wake. Zilikuwa zinazeekea humo huku Nakijwa akijifunga kitambaa. Nikalipiga tena, ingawa lilikuwa wazi.

Nikavaa ndogo. Mkanda mmoja juu ya masikio, mmoja chini shingoni, nikabana puani, ikanikaa vizuri kabisa. Nikaingia, nikamrudishia mzee mrija wake. Akavuta hewa ndefu, kisha akanyoosha kidole kwenye kitanda cha pili.

"Mwanangu," akasema, "mwenzako ameacha kukohoa muda mrefu."

Nikaamka. Nilipokwenda kunawa uso niliona mashavuni alama mbili nyekundu za mikanda, zimezama kila upande, na nilipozigusa ziliuma. Kazini kwetu sijawahi kuvaa barakoa ya mikanda miwili hata siku moja. Tunaambiwa hazijaletwa. Nakijwa naye aliambiwa hivyo hivyo, na amelazwa tangu Jumapili. Leo nikifika, nataka kabati lifunguliwe mbele yangu.