Sekunde Nne za Mzee Zefania

1.
(Tangazo, mlangoni mwa banda la video, Same, 2003)

JUMAMOSI SAA NANE MCHANA. TAMTHILIA YA VITA: MARUBANI WA NDEGE YA MABOMU. SEHEMU YA TATU. MTAFSIRI NI DIJEI PATASHIKA. ANAYEJUA MWISHO AKAE KIMYA.

2.
Mimi ni Nakijwa. Yule mwenye koti zito, benchi la mbele, ni babu yangu, Zefania Mrutu, miaka themanini na mbili. Wewe uliyeingia sasa hivi, kaa popote. Usimzibe tu.

3.
Dijei Patashika, juu ya sauti za Wazungu:

"Hapa rubani anasema, jamani, leo tunakwenda kuwatandika! Huyu mwenye masharubu tumwite Shemeji. Shemeji roho iko juu, ameacha mchumba nyumbani..."

4.
Cheti cha kuachishwa jeshi, 1946. Nimekitafsiri mwenyewe.

JINA: Zefania
JINA LA BABA:
KAZI: Kubeba
UJUZI MAALUMU: Hakuna
TABIA: Nzuri sana

5.
Hakuna!

6.
Babu, jikoni, akinisimulia:

"Tulikuwa sita kwa kila toroli. Kiwanja kilikuwa mchanga mtupu, kule Misri. Bomu unalisukuma taratibu mpaka chini ya tumbo la ndege, linavutwa juu, fundi wa Kizungu analifunga. Ndege namba saba ilikuwa yetu. Ikiruka, hatuli mpaka irudi. Hakuna aliyetuamuru. Kuna siku ilirudi kesho yake, nasi tukala kesho yake."

Nikamuuliza, Babu, yale mabomu yaliangukia watu?

"Yaliangukia watu, mjukuu wangu. Hilo Mungu ataniuliza, nami nitamjibu mwenyewe. Lakini mikononi mwetu halikuponyoka hata moja."

7.
Sehemu ya kwanza: marubani wanakunywa chai.
Sehemu ya pili: marubani wanaandika barua. Wanapanda ndege, mabomu yamo ndani tayari.

"Yalipanda yenyewe?" Babu aliuliza kwa sauti.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Daktari ameshasema moyo wake umechoka, na anachotaka ni kimoja tu, kuona wenzake wakiigizwa kwenye kioo hicho kabla ya

8.
Sehemu ya tatu, dakika ya ishirini na mbili. Nyuma ya bega la Shemeji, watu weusi sita wanasukuma toroli.

Sekunde nne.

"Na hawa vibarua nao," anasema Dijei, "wanajipitisha wapigwe picha!"

Banda likaangua kicheko.

9.
Babu akasimama.

10.
Yaliyosikika gizani:

— Mzee, kaa chini bwana!
— Nani huyo?
— Babu yake Nakijwa.
— Shikamoo mzee, unatuziba.
— Marahaba. Nitawaziba kidogo.

11.
"Dijei. Rudisha nyuma. Hapo hapo, simamisha."

Picha ikaganda. Babu akagusa kioo kwa kidole.

"Huyu wa nyuma anashika breki. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Ukiiachia, mnakwenda wote sita, na ndege, na huyo Shemeji wenu. Unamwita kibarua?"

Nilidhani Dijei atajibu kwa mzaha, maana ndivyo alivyo. Akatoka nyuma ya deki yake, akainama.

"Shikamoo, Babu. Nisamehe, sikujua."

Akampa kipaza sauti.

"Tafsiri mwenyewe."

12.
Sikufichi kitu, msomaji. Nilijivuna mpaka machozi yakanitoka. Nilitaka kumshika kila mtu shati nimwambie: huyo ni wetu.

13.
Sauti ya Babu, kwenye spika, banda zima:

"Mbele kulia, Mutisya wa Machakos.
Mbele kushoto, Opiyo. Aliimba vibaya, na hakuacha kuimba.
Katikati, Salehe, Mzigua wa Handeni.
Karibu naye Rwegasira wa Bukoba.
Kwenye breki, Zefania, mwana wa Mrutu.
Na wa sita

wa sita            "

14.
Kwenye kioo ndege imesimama, mapangaboi yake hayazunguki. Mwenye banda alichungulia mlangoni, akafungua kinywa. Mama anayeuza karanga hapo mlangoni akamwashiria anyamaze.

"Alikuwa mkimya sana," Babu alisema. "Lakini nguvu zake ndizo zilizotuvusha mchangani. Hatoki mtu hapa bila jina lake. Subirini."

15.
Tunasubiri.