Ombi Lisiloweza Kungoja

Saa tatu asubuhi, Nekoye alipofika kutoka Eldoret koti likiwa limelowa chepechepe, maziwa kwenye tangi la kupozea la kituo cha Chepsaita yalikuwa digrii nane. Mama Maximilla, karani wa kituo, alimwonyesha kipimajoto cha mkono hata kabla ya salamu. Lori lingefika saa sita. Maziwa yakizidi digrii kumi hayachukuliwi, na mle ndani mlikuwa na lita elfu tatu, jasho la familia zaidi ya mia.

"Hiyo kitu yako imehang tena," Mama Maximilla alisema. "Mara tano tangu alfajiri. Nikizima nikiwasha, inafanya dakika kumi halafu inanyamaza."

Hiyo kitu yake ilikuwa kisanduku kilichoamrisha mtambo wa kupozea. Nekoye ndiye aliyeandika programu yake, tena ile ya ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo wenye akili zao huogopa kugusa. Na ni yeye aliyeshauri swichi ya mkono ing'olewe, eti imepitwa na wakati. Hata waliosoma wana ujinga wao.

Aliketi juu ya kreti, laptopu mapajani, akaanza kusoma alichokiandika mwenyewe. Alibadilisha waya, akabadilisha kipimajoto cha tangi, akawasha. Kisanduku kiliamka, kikafanya kazi dakika kumi, kikafa. Digrii tisa. Alitamani kulia, na kwa kweli alilia kidogo, akajifanya anapenga kamasi.

"Nekoye mwanangu," Mama Maximilla alisema, "sema tu kama imekushinda."

"Haijanishinda, Mama."

Hilo lilikuwa jibu lake tangu utotoni. Chuoni walimnyima nafasi mara mbili. Mara ya tatu alikaa mlangoni kwa msajili siku nzima mpaka wakachoka naye, wakampa. Tangu hapo aliamini kwamba kunyimwa ni kutoomba vya kutosha.

Saa tano na nusu ndipo alipouona mstari wenye kosa. Kila sekunde kipimajoto cha tangi kilibisha hodi kwenye kiini cha mfumo, na kikibisha, kazi nyingine zote husimama hadi kihudumiwe. Programu yake iliomba nafasi ndogo ya kumbukumbu ili iandike digrii. Mahali hapo hakuna kusinzia ukingoja: unapewa papo hapo, au unanyimwa papo hapo. Siku zote ilipewa. Lakini mvua ya jana iliangusha mtandao, ujumbe ambao kisanduku huwatumia wafugaji ukarundikana bila kutumwa, kumbukumbu ikajaa, ombi likanyimwa. Na yeye alikuwa ameandika nini kwa siku ya kunyimwa? Omba tena. Omba tena mpaka upewe.

Basi programu ikawa inaomba bila kupumua, imeishika mashine nzima, huku kazi ambayo ingefuta yasiyohitajika na kupata nafasi imesimama nyuma yake ikingoja zamu. Nekoye aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Kurekebisha kulichukua dakika nne. Ukinyimwa, achana na kipimo hicho, pisha. Sekunde ijayo kitakuja kingine. Mtambo ukaunguruma, na safari hii haukunyamaza. Digrii kumi na mbili.

Lori lilipofika, Kiprotich, dereva wake, alichota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe, akazungusha. Yaliganda vipande vipande.

"Hii siwezi kubeba," alisema.

"Mtambo umeshapona. Nipe nusu saa yashuke."

"Madam, hii imeharibika. Ikipoa itakuwa tu mbovu baridi."

"Pima tena."

Alipima. Yaliganda vile vile.

"Tena," Nekoye alisema, karibu akimshika mkono.

Kiprotich aliweka kikombe chini taratibu. "Kuna vituo viwili vinaningoja huko mbele. Ukinishika hapa, na yao pia itaharibika."

Nekoye alirudi nyuma hatua moja. "Nenda," alisema hatimaye.

Lori lilipoondoka, Mama Maximilla alifungua koki bila kumtazama mtu. Maziwa yakateremka mtaroni, meupe, mengi, yakachukua muda mrefu kuisha. Wafugaji waliokuwa wamekuja kuuliza habari walisimama kando ya ua wakitazama. Nekoye alijilazimisha kwenda kwao, akawaambia kosa ni lake.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

"Na ya jioni tulete?" aliuliza Mzee Wanjohi, mwenye ng'ombe wawili tu.

Nyuma yake mtambo uliunguruma vizuri kabisa. Angeweza kumwambia angoje kidogo, yeye aangalie kwanza kama utadumu, ajaribu tena. Lakini saa kumi watu wangekuwa wanakamua, na aliyejibiwa sasa angewahi kutafuta pengine pa kuyapeleka.

"Hapana, Mzee," alisema. "Msilete."

Mzee Wanjohi akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka kwenda kuwaambia wengine.