Ukungu wa Ndani

Sonara alizipanga pete tatu juu ya kitambaa cheusi, akavuta taa karibu, akawaomba wateja wasiegemee kaunta kwa sababu mguu mmoja wa kaunta ni mbovu. Wateja walikuwa watatu: fundi friji aliyetaka kuchumbia, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akichumbiwa, na shangazi yake fundi, ambaye hakualikwa na mtu. Fundi alikuwa amenawa mikono kwa sabuni ya unga, lakini mafuta ya kompresa yalikuwa bado kwenye kucha, kwa hiyo kila alipotaka kuonyesha kitu alikionyesha kwa kidevu.

"Almasi inapimwa kwa mambo manne," sonara akasema. "Uzito, rangi, mkato na usafi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakuelewa. Alikuwa ameshawauliza watu, na hapo ndipo alipojiharibia. Mmoja alimwambia atafute jiwe jeupe pee. Mwingine alimwambia likiwa jeupe sana ujue ni kioo. Wa tatu, mwenye duka la vipuri, alimwambia pete ni pete tu, mwanamke anaangalia moyo, na huyo alikuwa ameshakimbiwa na wake wawili. Fundi alifika dukani kichwa kimejaa, hajui aanzie wapi. Mwalimu alitaka tu pete yenye jiwe fupi, isiyonasa nywele za watoto.

"Wanasema mchagua jembe si mkulima," shangazi akasema. "Lakini hili si jembe. Chagueni, msije mkauziwa mbuzi kwenye gunia."

Sonara alikuwa na mashine, ila kipimo alichokiamini kilikuwa pumzi yake mwenyewe. Almasi haikai na ukungu. Ukiipulizia, ukungu unapotea kabla hujafumba mdomo; kioo hubaki nao. Akalipulizia jiwe la kwanza, haa, ukungu ukapotea. La pili, hivyo hivyo. Akalipulizia la tatu, ukungu ukapotea, halafu ukarudi. Sonara hakuwa amepuliza tena. Wote wakalitazama. Ukungu ulipotea, ukarudi, ukapotea, ukarudi, bila haraka.

"Hili lina kasoro," sonara akasema. "Ndiyo maana nalitoa kwa nusu bei."

Fundi akachangamka, maana hatimaye mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye fani yake. "Huo ukungu ni wa ndani. Ni kama friji ambayo mpira wa mlango umechoka. Kuna mahali hewa inaingia."

"Almasi haina mlango," sonara akasema.

Mwalimu akaomba kioo cha kukuzia. Akaliweka jiwe karibu na jicho, akatazama kwa muda mrefu. Ndani alikuwemo mwanamume amechuchumaa, shati kalifunga kichwani, anachimba ukuta kwa sururu fupi. Alichimba kwa mkono wa kushoto huku akiuma mdomo wa chini. Baada ya kupiga mara kadhaa alisimama, akaufuta ukuta kwa kiwiko, akachungulia nje.

"Kaka yumo humu," mwalimu akasema.

"Kaka yupi?" shangazi akauliza.

"Mlingoti. Yule aliyekuwa mgodini."

Fundi akakipokea kioo. Alimfahamu Mlingoti, waliwahi kucheza mpira timu moja, Mlingoti akiwa beki, na hakuna mpira wa juu uliompita. "Amekonda," akasema. "Na kiatu cha mguu mmoja hana."

Sonara hakubisha. Alisema alijua kuna kitu, ila alidhani ni unyoya, kwa maana katika kazi yao doa refu jembamba huitwa unyoya. Akaomba radhi kwa kutoangalia vizuri.

Ikumbukwe kwamba habari za Mlingoti zilikuwa zinajulikana mji mzima. Mwaka juzi ukuta wa mgodi ulianguka, majina yakaitwa, yeye hakuitika. Mgodi ukasema ametoroka na almasi katika vurugu ile. Wakabandika picha yake getini, na chini yake maneno: MTORO. ALITOKA NA ALMASI. JIHADHARI NAYE. Mama yake alikwenda kulia pale ofisini mpaka sauti ikamkauka, wakampa maji ya kunywa, picha ikabaki. Tangu siku hiyo mama alikuwa na ombi moja tu duniani, nalo si kubwa: ile picha itolewe.

"Na haya mawili mbona hayana mtu?" shangazi akauliza. Alikuwa bado anataka jiwe zuri.

"Yanao," sonara akasema. "Ila waliomo wameshaacha kupumua, ndiyo maana hayashiki ukungu. Hilo ndilo daraja la kwanza. Hilo tunaliita safi."

Mwalimu akachungulia jiwe la kwanza. Kulikuwa na jozi ya viatu vya mpira, vimepangwa kisigino kwa kisigino, na kikombe cha bati kimefunikwa. Kulikuwa safi kweli. Akarudisha kioo kwenye kaunta taratibu.

Sonara, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusaidia, akasema anaweza kulikata upya lile la tatu. Mkato ukipita hapa, juu kidogo ya goti, jiwe litapungua uzito, lakini litakalobaki litakuwa halina lawama. Shangazi akauliza litapungua kiasi gani.

"Hapana," mwalimu akasema.

Fundi alikuwa anajikuna shingo. Jambo lililomsumbua halikuwa bei tena. Akawauliza wote wawili, kwa sauti ya chini, kama inafaa mtu kumchumbia msichana kwa kaka yake. Sonara akasema wateja huwa hawaulizi. Shangazi akafikiri sana, akasema kuwa hajawahi kusikia katazo lolote, ila pia hajawahi kusikia ruhusa. Basi wakalinunua hilo hilo, na sonara akawaongezea kioo cha kukuzia bure.

Mama yake mwalimu alikuwa dobi wa hospitali. Walimkuta anapiga pasi mashuka, na hakuiacha pasi mpaka alipomaliza shuka aliloanza. Kisha akaipokea pete, akafunga jicho moja.

"Hajala," akasema.

Akatazama tena. Hapo hasira zikampanda. "Mwaka wa pili huu! Mtu mzima unashindwa hata kutuma salamu? Mimi nikufikirie nini?" Akamgombeza hivyo hivyo kupitia kioo, akamaliza, akakaa juu ya mashuka aliyokwisha kuyapiga pasi na kulia kwa uchungu. Mwalimu akamkumbatia. Fundi, asiyejua aangalie wapi, akachomoa pasi kwenye umeme.

Mlingoti alikuwa anasema kitu. Sauti haikutoka, ila mama aliisoma midomo. Alimlea huyo mtoto na matonsili yake, alizoea kumsikiliza bila sauti. "Anauliza kama zamu imeisha," mama akasema.

Hakuna aliyejua. Mama akamjibu kwa ishara kwamba imeisha, apumzike. Mlingoti akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa adabu, akashika sururu.

Fundi akapendekeza nyundo. Mwalimu akamkumbusha alivyosema sonara wakati anafunga mzigo: almasi ni ngumu lakini pigo moja linaipasua, na inapasuka inavyotaka yenyewe, pamoja na chochote kilichomo. Fundi akairudisha nyundo kwenye mfuko wa vifaa. Alijisikia mnyonge, maana kazi yake maisha yote ilikuwa kufungua vitu.

"Basi hata akikaa humo," mama akasema, akijifuta uso kwa foronya ya hospitali. "Angalau sasa wataitoa ile picha. Wenyewe wataona kwa macho yao kwamba hakutoroka."

Siku iliyofuata walikwenda wote watatu. Karani wa mgodi alikuwa kijana mstaarabu, akamwamkia mama shikamoo, akawaletea viti. Alikuwa na kioo cha kukuzia chake, kikubwa zaidi, kilichofungwa mezani. Akaiweka pete chini yake, akatazama, akafungua droo, akalinganisha na picha.

"Ndiye," akasema.

Mama akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu mwaka juzi. "Basi hakutoroka."

"Twende polepole, mama. Majina yalipoitwa, hakuitika. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo."

"Alikuwa chini ya ukuta!"

"Inawezekana. Sikatai. Lakini nisaidie, mama: sasa hivi mwanao yumo ndani ya nini?"

"Ndani ya almasi."

"Na hiyo almasi, mmeitoa ndani ya geti au nje ya geti?"

Mama akamtazama binti yake. Mwalimu akamtazama fundi. Wakasema nje, dukani kwa sonara.

"Kwa hiyo alitoka na almasi," karani akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesikitika kwamba hesabu imekubali.

"Almasi ndiyo iliyotoka naye," fundi akasema.

Karani alilipa wazo hilo heshima yake. Aliegemea kiti, akalitafakari, akaenda kumuuliza mtu chumba cha pili, akarudi. Akasema kanuni ya getini inamhusu mtu anayetoka na jiwe. Jiwe linalotoka na mtu halijawekewa kanuni.

"Lakini jiwe mliliuza nyinyi wenyewe!" mwalimu akasema, na sauti yake, iliyozoea watoto wadogo, ilipanda mpaka mlinzi akachungulia.

"Jiwe tuliliuza," karani akasema. "Yeye hatukumuuza."

Fundi alihisi kwamba mahali fulani katika maneno hayo palikuwa na nati iliyolegea, lakini kila alipolitafuta neno lenyewe lilimponyoka. Mama hakutafuta neno. Akauliza jambo jingine.

"Anauliza kama zamu imeisha. Hilo nalo mnaweza kumwambia?"

Karani akatazama saa ya ukutani, akatazama dirisha. "Hilo hutamkwa na msimamizi wa zamu, mama. Na wa zamu ile ameshastaafu, alihamia kwao. Sisi wengine tukitamka haihesabiki."

Kisha akasema wamefanya vizuri kuja. Picha ya getini ilikuwa imepigwa na jua mpaka imefifia, haijulikani ni ya nani, na kina mama wengine walikuwa wameshakuja kulia pale kila mmoja akidai ni mwanawe. Akachukua kamera, akailenga kwenye kioo. Mlingoti alipoona mwanga unamulika, alidhani ni taa ya msimamizi. Akatupa sururu, akasimama wima, mikono ubavuni, akijaribu kuficha mguu usio na kiatu nyuma ya ule wenye kiatu. Picha ikatoka vizuri. Mashine ikaichapa kubwa, na maneno yale yale yakapita juu yake, safari hii katikati ya kifua.

Mama akaishika, akaitazama. Hakuwa na picha ya mwanawe tangu alipoota ndevu.

"Naomba nakala," akasema.

Karani akampa bure. Mwalimu akauliza kama inawezekana kupata isiyo na maneno. Karani akajaribu, akabonyeza hapa na pale, akasema pole, mashine imewekwa hivyo, maneno hayatoki. Wakati wanatoka, mlinzi alikuwa juu ya ngazi, anabandika ile mpya.

Uchumba ulifanyika Jumamosi, sebuleni kwa mama. Viti viliazimwa kwa majirani, soda zikawekwa kwenye friji ambayo fundi aliirekebisha asubuhi ile ile kwa aibu, maana ilikuwa imekufa miezi mingi na yeye ndiye mkwe mtarajiwa. Mama alikuwa ameipachika picha kwenye fremu, akaitundika juu ya kabati la vyombo. Alijaribu kwanza kuikata maneno kwa mkasi, lakini yalikuwa kifuani. Kuyakata ni kumkata.

Fundi alimvisha mwalimu pete, watu wakapiga makofi. Mwalimu alimpenda fundi, hilo hakuwa na shaka nalo hata kidogo, na alifurahi, na aliumia, asijue kipi kimeanza. Jiwe lilikuwa linagonga kidogo kidogo kwenye kidole chake. Lilishika ukungu, fundi akalifuta kwa leso, halafu akakumbuka kwamba ukungu uko upande wa pili.

Wageni walipanga foleni kuangalia. Kioo cha kukuzia kilipita mkono kwa mkono. Mmoja aliuliza ni karati ngapi, mwingine aliuliza kama amekula. Shangazi alimweleza kila mmoja kwamba jiwe si la daraja la kwanza, lakini lipewe haki yake, ni la kweli. Mkuu wa chekechea, mama mmoja mwenye miwani na mkoba mpya wa ngozi, aliangalia kuliko wote. Alimwona Mlingoti anachimba, anafuta jasho kwa bega, anachimba tena.

"Huyu anajituma," akasema. "Vijana wa siku hizi hawako hivi."

"Asante," mama akasema, na alishukuru kweli.

Mkuu akakaa, akaweka mkoba sakafuni, akapokea soda. Akainua macho kwenye ile picha juu ya kabati.

"Na yule?"

"Ni huyo huyo," mama akasema. "Mwanangu. Yuko kazini."

Mkuu akasogeza miwani, akasoma maneno yaliyopita kifuani. "Hongera, mama," akasema. Akaunyanyua mkoba wake kutoka sakafuni, akaupakata.