Msusi na Sauti ya Mluzi

Mzee alikuwa fundi seremala mpaka macho yake yalipofifia. Sasa alikaa kwenye karakana nyuma ya nyumba, akipapasa mbao na kuzitambua kwa harufu. Binti yake, msusi, alisukia wateja wake ukumbini ili amsikie akiita. Na kila alasiri mzee aliita kwa swali lile lile.

"Mama, simu imelia?"

"Imelia, baba. Ni mteja."

Aliyesubiriwa alikuwa mtoto wa kiume, waliyemwita Mluzi kwa sababu hakuweza kukata ubao bila kupiga mluzi. Karakana ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yake, lakini yeye akachagua kuendesha malori. Wakatupiana maneno makali, mzee akamwambia asikanyage tena pale. Wiki haikuisha kabla mzee hajajuta, ila kijana alikuwa ameshaondoka.

Siku Mluzi alipopiga simu, mzee alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya presha, amelala.

"Dada, nipe baba."

"Baba hataki kusikia sauti yako," msusi alijibu. Jibu lilimtoka kirahisi, hata yeye akashangaa. Mluzi alipiga tena, na tena, akapewa jibu hilo hilo. Mwishowe akaacha.

Sababu msusi hakuzikosa. Daktari alisema mzee asishtuliwe. Mluzi angekuja siku moja, avuruge mambo, aondoke, na nani angebaki kuhangaika na dawa? Hata kwenye maombi alisema, "Bwana, unajua namlinda," na kwa kuwa Bwana hakumpinga, alihesabu amekubaliwa. Chini ya sababu hizo palikuwa na nyingine ambayo hakuigusa: yeye ndiye aliyemwogesha baba, aliyemlisha, aliyemkata kucha, lakini aliyetamaniwa ni yule mwingine.

Jumapili moja ya meza ya Bwana, mzee aliinamisha kichwa pembeni yake, akaomba kwa sauti ambayo wazee wasioona vizuri hudhani ni ndogo.

"Bwana, nilimfukuza mwanangu. Yeye amekataa kunisamehe, ni haki yake. Basi nisamehe wewe."

Trei ya mkate ilipofika, msusi aliipitisha kwa jirani bila kuchukua.

Baada ya ibada alimkuta mchungaji chumba cha nyuma, anafuta vikombe vya divai. Akamsimulia habari za zile simu.

"Nimeshatubu, mchungaji. Mara nyingi tu."

"Ulitubu nini hasa?"

"Kwamba nilimlinda baba kupita kiasi."

Mchungaji aliendelea kufuta. "Hiyo mbona sifa, dada? Umempelekea Mungu sifa zako akusamehe?"

Msusi alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nilidanganya. Nilitaka anipende mimi."

"Hapo sawa. Kwa hilo Mungu hatakufukuza. Lakini uliyemdanganya yuko nje kwenye benchi, anangoja umshike mkono."

Alimwambia baba yake siku hiyo hiyo, karakanani. Mzee hakuuliza kwa nini.

"Alipiga?"

"Alipiga, baba."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Kama ya mtu aliyechoka."

Mzee alipitisha kiganja juu ya ubao. "Nimekusamehe. Na mimi ninaomba kusamehewa, nitakunyimaje? Ila leo usinishike mkono." Akainuka, akaenda chumbani akipapasa ukuta, na msusi akabaki amesimama, mikono haina kazi.

Kisha akampigia Mluzi, akamwambia yote bila kupamba.

"Napitaga hapo na lori," Mluzi alisema. "Kutoka barabarani naliona paa la karakana. Napunguza mwendo, halafu naendelea."

Alikuja Jumamosi. Mzee alimpapasa uso, masikio, mabega, kama anavyokagua kiti kilichomalizika.

"Umenenepa."

"Ni kukaa kwenye lori, baba."

Wakacheka, kisha wakalia. Msusi aliwasikia akiwa jikoni. Alitamani kuingia, akabandika chai. Alipopeleka chai, mdogo wake alipokea kikombe bila kumtazama.

Jioni akamfuata mlangoni. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusikia, dada. Sijafika huko bado. Nikisema nimesamehe nitakuwa nadanganya, na nyumba hii imedanganywa vya kutosha."

"Utakuja tena?"

"Kwa baba, ndiyo."

Na kweli anakuja. Msusi siku hizi anaupokea mkate, na anapoumeza anaamini, kwa hofu kidogo, kwamba Mungu amemfutia. Mzee naye amerudi kuushika mkono wake wakienda kanisani. Lakini Jumamosi, vicheko vinapotoka karakanani, vidole vya msusi husimama katikati ya msuko. Anatega sikio kama kuna mtu atataja jina lake. Mteja humuuliza kama amechoka. Husema hapana, kisha huendelea kusuka.