Misalaba Miwili ya Chaki

Usiku wa jana niliota nimekwenda kuposa mashua. Sikushangaa. Ni ile ile ya tanga niliyoiona Musoma, ambayo asubuhi hii nilikuwa niende kumlipa mwenye nayo, na nyumbani sikuwa nimesema neno. Mimi nikiamua jambo nimeamua.

Nimekaa mkekani, kreti la soda pembeni. Kwenye kochi amekaa Mzee Nanga, mjomba wa mashua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samahani, sinyanyuki, ndiyo kazi yangu. Mshenga yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya. Binti aitwe."

Mashua inaingia mlangoni na mlingoti wake wote, na mlango haulalamiki. Mara sebule imekuwa ufuko wa ziwa. Kochi liko palepale na soda bado ni za baridi.

Nanyoosha mkono nigonge mbao zake. Ndivyo wanunuzi wanavyofanya kwetu: unagonga ubao mmoja mmoja, ukilia butu ujue umeoza, unapachora chaki. Mashua inanizuia.

"Leo nagonga mimi," inasema. "Vua shati."

Nilikereka, lakini nikavua. Ukweni huna la kusema.

"Ziwa likichafuka, nani atakusaidia kushusha tanga?"

"Mwanangu Matiko."

Ikanigonga bega kwa kasia. Ko. Nilijisikia vizuri.

"Masika utaniweka wapi?"

"Kwa shemeji yangu, ana banda."

Ko.

"Unajua kuogelea?"

"Kiasi."

Ikanigonga kifuani. Pu.

"Hapa pameoza," ikasema, ikachora msalaba wa chaki.

"Na mkeo anajua habari zangu?"

"Anajua, tena kafurahi."

Pu. Msalaba wa pili. Mzee Nanga akakohoa, akatazama pembeni. Niliona aibu, sifichi.

"Sisi hatukatai mchumba," akasema kwa upole. "Tunamrudisha kwao akakarabatiwe."

Nikaamka. Kumekucha. Mke wangu, Nyangi, amesimama na kikombe cha chai, anatazama kifua changu.

"Baba Matiko, hii chaki umeitoa wapi? Humu ndani hatuna chaki."

Nikajiangalia. Misalaba miwili. Simu ikaanza kuita, mwenye mashua huyo. Nikaiacha iite.

"Kaa kwanza, mama Matiko. Nina mambo mawili ya kukwambia. La kwanza, sijui kuogelea."

"Hilo nalijua tangu unioe," akasema, akavuta kiti. "Lete la pili."