Paa la Mama Mkubwa

Choo cha jumuiya cha mtaa wetu kimepakwa rangi ya waridi, na wageni hupanga foleni kukitazama. Sisi pia tulipanga foleni pale miaka mingi, kila mtu na karatasi yake mkononi, ila hatukuwa tukicheka. Siku hizi mtu anatoka Seoul kwa treni ya kasi, anapanda ngazi zetu zote akihema, anachungulia shimo lililozibwa kwa saruji, anasema, "Jamani, pazuri!" Kisha anapiga picha na kushuka.

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilipasua mikunga katika soko la samaki la Busan tangu usichana wangu mpaka vidole vilipokataa, na kazi ile hukufundisha kungoja. Mkunga utadhani amekufa. Ukimshika tu, anakuzunguka mkono. Kwa hiyo wageni walipoanza kuja niliwatazama kwanza, majira ya baridi na ya joto, nikitafuta hata mmoja aliyekuja kuona kitu. Sikumpata.

Mbele ya duka la Bwana Seok kuna nyangumi wa saruji. Kutoka kilimani kwetu hakuna aliyewahi kuona nyangumi; tunaona bandari. Wageni wanamkumbatia nyangumi na bandari wanaipa mgongo. Meli zinaingia, kreni zinainama na kuinuka, kazi yote iliyoulisha mji huu inafanyika nyuma ya visogo vyao, nao wanachekea simu. Watu wazima wenye mvi hukodi sare za shule za zamani na kurukaruka ngazini. Ni sare ileile ambayo baba yangu hakuweza kuninunulia, ndiyo maana nikaenda kwenye mikunga. Ukutani tulibandika tangazo: "Tafadhali nyamazeni, hapa wanakaa watu." Likawapendeza sana. Wanapiga nalo picha, kidole mdomoni, huku wakipiga kelele.

Aliyetuletea haya ni Tak Jong-gyu, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Si mtu wa kuja. Amezaliwa hapahapa. Mama yake alikuwa akishona viatu kiwandani, akirudi amechoka hata kuongea, na mtoto alikula kwa jirani yangu Bun-rye: wali wa moto, yai, mafuta ya ufuta, na sosi ya soya ya mtungini. Ndiyo maana mpaka leo anamwita Bun-rye mama mkubwa, ingawa hawana damu moja.

Sosi hiyo si ya dukani. Mama yake Bun-rye alikimbia vita kutoka kaskazini akiwa na mtungi mdogo mgongoni, pale wenzake walipobeba mablanketi. Kila mwaka sosi mpya huongezwa juu ya ya zamani, kwa hiyo ile ya kwanza haijaisha mpaka leo. Mitungi inakaa kwenye paa lake la bapa. Jua likiwaka inafunuliwa, mawingu yakija inafunikwa. Shingoni imevikwa kamba ya majani ya mpunga yenye pilipili na vipande vya mkaa, na tumboni imebandikwa karatasi nyeupe iliyokatwa umbo la soksi, soksi yenyewe miguu juu, ili baya lolote linalotambaa kuja mtungini lipotee njia.

Paa hilo ndilo Jong-gyu alilolitaka. Liko mbele kabisa ya kilima, na hakuna kinacholiziba.

Alikuja na boksi la juisi ya pea, nyuma yake Bwana Seok wa dukani. Nilikuwa pale juu nikimsaidia Bun-rye kufuta vumbi la mitungi.

"Mama mkubwa, kila nikikuona umezidi kuwa kijana."

"Na wewe umezidi kuwa mnene. Sema unachotaka."

Akasema. Paa litawekewa ukuta wa kioo na viti, wageni wapande kutazama mji. Mitungi itahamishiwa pale kwa nyangumi, ipangwe vizuri, iwekewe taa. Halmashauri ya mji ikiona mtaa una mahali pa kutazamia, itatoa fedha za ukarabati, na kwa fedha hizo ngazi zote zitawekewa vishikio vya chuma.

"Na bila paa langu?"

"Bila paa hakuna fedha, mama mkubwa. Nimewabembeleza sana."

Bwana Seok akadakia. "Dada, paa lako ni moja, magoti ya mtaa ni mengi."

"Magoti yako yaliuawa na pombe ya mchele, Seok. Usizisingizie ngazi."

Tulicheka, lakini si kwa raha. Majira ya baridi yaliyopita jirani yetu wa chini aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na hakurudi tena kilimani. Mimi mwenyewe hushuka nikiwa nimeshikilia kuta za watu. Bun-rye alilijua hilo. Alinitazama magoti kabla ya kunitazama usoni.

Jong-gyu akatoa mfukoni karatasi za kubandika. Zilikuwa soksi nyeupe, kila moja na nyangumi anayetabasamu. "Tunaziuza kwa nyangumi. Wageni wanazigombania. Tutabandika na kwenye mitungi yako."

Bun-rye akaishika moja mbali na macho. "Jong-gyu, soksi hii imesimama."

"Ndiyo, mama mkubwa. Ukiigeuza, nyangumi anakuwa kichwa chini."

Nikajiambia labda ni makosa ya mpiga chapa.

"Jumamosi watu wa mji wanakuja pamoja na kundi la wageni," akaendelea. "Waonje tu sosi yako hapa juu, na wali. Halafu utaamua. Mimi sikulazimishi."

Walipoondoka, Bun-rye alikaa juu ya kigoda akiangalia bandari. Kisha akasema, "Mama Hyeok, nenda kwa Seok ukaninunulie chupa ya sosi. Ile ya rahisi, ya plastiki."

"Ya nini, dada, na mitungi imejaa?"

"Nitawalisha hiyo. Aliyelelewa kwa ya mtungini ataijua kwa ulimi, hata wakimwamsha usingizini. Jong-gyu akijua, basi bado ni mtoto wetu, na paa nitampa. Mitungi utanitunzia wewe kwako. Mnahitaji vishikio, najua. Asipojua, nitakuwa nampa mgeni, na mgeni simpi."

"Kama atajua na asiseme?"

"Nitamwona usoni."

Nikaenda. Seok aliniuzia chupa akanitania kwamba hata jirani wa Bun-rye sasa amechoka na mambo ya kale.

Jumamosi walipanda, watu wa mji na suti zao, na kundi la wageni waliovaa sare za kukodi, vifungo vikilia juu ya matumbo. Mmoja alitaka kujua kama anaweza kukaa juu ya mtungi. Mwingine aliuliza kama pilipili zile ni za plastiki. Bun-rye aliwapakulia wali, akavunjia yai, akatia mafuta ya ufuta, akamimina sosi kutoka kwenye birika la udongo. Chupa nilikuwa nimeificha chini ya aproni yangu, ikinigusa mbavu kila nikiinama.

Jong-gyu alikula wa kwanza. Alifumba macho. Alitafuna polepole, kidevu kikamtetemeka, na chozi likamshuka mpaka pembeni ya mdomo.

"Mabwana na mabibi," akasema, "hii ndiyo ladha ya utoto wangu. Sosi hii imevuka vita!"

Wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyevaa sare akaweka mkono kifuani. "Ninayasikia mateso ndani yake," akasema. "Hasa ukiisha kumeza."

Mwenzake akasema kiwandani hawawezi kabisa kutengeneza kitu kama hiki. Bwana Seok, aliyeniuzia chupa kwa mkono wake, aliomba kuongezewa, akatikisa kichwa na kusema kwamba sosi ya mwaka huu imekuwa nzito. Mimi nimeona samaki waliooza wakisifiwa sokoni, lakini huyo anayesifu huwa anauza. Hawa walikuwa wakisifu bure. Kisha wakapiga picha wakiwa wameshika bakuli, bandari mgongoni, wakashuka.

Bun-rye alikuwa akikusanya bakuli. Nikamwambia, "Dada, tusimhukumu bado. Pengine aliijua, akanyamaza ili usiaibike mbele ya watu. Lile chozi je?"

Alifikiri. "Kama alijua akanidanganya, yeye ni mwongo tu. Na waongo naweza kukaa nao, nimekaa na mume wangu miaka yote ile." Akaloweka bakuli kwenye beseni. "Usoni sikuona kitu. Haya, tungoje."

Kesho yake Jong-gyu alikuja peke yake, na hati ya paa, ya Bun-rye kutia mhuri wake, imekunjwa vizuri kwenye bahasha. Alikuwa na furaha ya kweli, jambo lililonifanya nimwonee huruma kidogo. Watu wa mji wamekubali, akasema. Fundi wa kioo anakuja wiki hii.

"Na ombi dogo, mama mkubwa. Nipe chupa moja ya sosi, ile ile ya jana. Mke wangu nimemsimulia mpaka akakasirika. Tangu nimeonja, chakula cha kwetu hakinipandi."

Bun-rye akanitazama, na safari hii sikuwa na la kumtetea.

Aliingia jikoni. Alirudi na chupa ya plastiki, kiasi cha robo imebaki, akaiweka mezani mbele yake, lebo ikimwelekea yeye. Nyekundu na njano, na picha ya mpishi anayecheka. Jong-gyu aliangalia lebo, akaangalia ngazi ya kwenda juu kwenye mitungi, akarudi kwenye lebo. Masikio yakawa mekundu kwanza, kisha shingo.

"Mama mkubwa..."

"Ndiyo hiyo ya jana. Kwa Seok zimejaa."

"Lakini tumeshatangaza. Na ngazi? Hawa wazee watapandaje?"

"Watapanda kama walivyopanda walipokuwa wamekubeba."

Alikaa kidogo, mkono juu ya bahasha, kama anayesubiri apewe bakuli. Kisha akaichukua bahasha, chupa akaiacha, akatoka. Bun-rye hakumsindikiza.

Vishikio havijawekwa mpaka leo. Nashuka kama zamani, nikiwa nimeshika kuta za watu, na wageni hunipisha, kisha hunipiga picha.

Siku ile, mara baada ya Jong-gyu kuondoka, wingu lilitokea upande wa bahari. Tulipanda juu, tukafunika mitungi mmoja mmoja. Kwenye tumbo la mkubwa kuliko yote mtu alikuwa amebandika soksi ya nyangumi, imesimama. Bun-rye aliikwangua kwa ukucha mpaka ikatoka, akaiachia upepo, akanihimiza kwamba mvua imefika.