Mjadala wa Mtu Aliyelowa

Alhamisi mchana, majina yalipokwisha kusomwa, kikundi cha pili cha shule ya serikali pale Songea kilipaa tena, benchi na watu wake. Safari hii kilifika usawa wa dirisha. Mwalimu Swalehe, mtu wa Tanga aliyeletwa kuwafundisha watu wazima kazi ya ukarani, aliweka chaki mezani.

"Nani kasema nini?"

"Mimi, mwalimu," alijibu Bartolomeo, mkubwa wao kwa umri. "Nimesema simba wa Namtumbo hali mtu aliyebatizwa."

"Ushahidi?"

"Mimi mwenyewe sijaliwa."

Benchi likapanda tena kidogo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu lianze somo la kupima maneno. Aliyesema jambo bila ushahidi aliinuka, na aliyemwitikia akainuka naye. Balaa la kikundi cha pili ni kwamba watu wake wote wanne walikuwa wamelelewa vizuri. Kwao mkubwa akisema unaitikia "ndivyo", maana kumwacha aseme peke yake ni sawa na kumvua nguo hadharani. Kwa hiyo Bartolomeo alipoteleza walipaa wote, heshima zao kamili. Bakili, mmoja wao, alijaribu kuja na mawe mawili mfukoni mwa kanzu, mwalimu akamnyang'anya.

Egidi, naye wa kikundi hicho, alicheka na wenzake, lakini moyoni hakuwa na raha. Baba yake alikuwa kwenye mnyororo, akipasua mawe barabara ya Namtumbo, mwaka wa pili huo. Wakati wa vita askari walimkuta shambani kwake Lusewa amelowa chapachapa, wakakata shauri kwamba amejimwagia ile dawa ya vita, maji ya kuzuia risasi. Wafungwa wa kosa la kulowa walikuwa kumi na tisa. Sasa Bwana Shauri, Mjerumani aliyesikiliza kesi bomani, alitangaza kwamba atakuja shuleni kuwasikiliza kikundi cha pili wakijadili: je, kila aliyelowa alikuwa mpiganaji? Wakimridhisha, atawafungua wote kumi na tisa.

Egidi alitembea siku nne hadi Lusewa, akaenda moja kwa moja kwa Mwamvua, jirani yao.

"Mvua ilinyesha toka alfajiri," alisema Mwamvua. "Tulilowa sote. Hata yule askari alivua kofia akaikamua mlangoni kwangu, nikamwambia, baba, kamulia kule."

Egidi aliyaandika yote, pamoja na kofia. Aliporudi, kikundi kilifanya mazoezi wiki mbili: mmoja anatoa hoja, mwingine anadai ushahidi, na mkubwa akisema watu wanafunga midomo. Hilo la mwisho liliwatoa jasho. Bartolomeo aliona uchungu. "Mnanikalia kimya kama niko matangani," alisema. Lakini alimpenda Egidi, akavumilia, na siku ya mjadala ilipofika benchi lilikuwa halibanduki sakafuni.

Bwana Shauri alikuja na kiti chake. Egidi alisimama akaeleza habari ya mvua, ya Mwamvua na ya kofia. Nyayo zake hazikuachana na sakafu hata kwa unene wa ukucha. Bwana Shauri alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa Kiswahili kizuri.

"Lakini serikali haikosei," alisema. "Aliyelowa alikuwa na dawa."

Kiti kikaanza kupanda. Bwana Shauri alikunja miguu ili asigonge meza, akaendelea mpaka kofia yake ikagusa boriti. Mwalimu Swalehe aliangalia vidole vyake vyenye chaki. Kila mtu mle ndani alijua swali linalofuata.

"Ndivyo, Bwana," alisema Bartolomeo.

"Ndivyo," alisema Bakili. Otto, wa nne wao, naye akaitikia. Benchi likapanda na watatu. Mwalimu alichelewa kidogo, akaitikia kwa sauti ndogo, akaelea usawa wa dirisha.

"Ushahidi, Bwana?" Egidi aliuliza kutoka chini.

Liliulizwa vizuri, kama walivyolifanyia mazoezi. Bwana Shauri alijibu kwamba kutoka pale alipo anaona mbali. Kisha akaandika hukumu kulekule juu: kikundi kimefaulu na kitaanza ukarani Jumatatu, isipokuwa Egidi, ambaye hakuweza kwenda sambamba na wenzake. Wafungwa watabaki walipo. Egidi aliwatazama wale watatu, miguu yao ikining'inia, na uchungu aliousikia kwa ajili yao ulizidi ule aliousikia kwa Bwana Shauri.

Jumapili alibeba ugali na mboga hadi barabarani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wamepaa, baba."

"Wote?"

"Wote, nimebaki mimi."

Baba yake alinawa, akamega tonge, akatafuna taratibu kama mtu asiye na pa kwenda.

"Basi wewe ndiye utakayeniletea chakula," alisema. "Kesho tia chumvi."